Nyama ya Popi

Kila nikifungua gunia la unga wa mifupa, vijana wa dukani kwangu huziba pua. Mimi sizibi. Harufu ile ya kitu kilichochomwa kikasagwa, kavu kama chokaa lakini yenye mafuta kidogo ndani yake, hunitoa Ruiru na kunirudisha Thika, kwenye chumba cha mabati cha wafanyakazi wa kiwanda cha magome ya miwati, yale ya kulainishia ngozi. Hunirudisha nikiwa sina viatu, sina meno ya mbele, na nina hasira nyingi juu ya mbwa.

Ninaandika kwa ajili ya watu wa rika langu, na nitasema mapema mimi ni nani, maana sioni faida ya kujificha. Nimejitengeneza mwenyewe. Sikurithi shamba wala duka. Nilikwenda ng'ambo na sanduku la mbao lililofungwa kwa kamba, nikarudi na diploma ya lishe ya wanyama, na katika darasa letu hakuna aliyenifikia kwenye somo la madini ya chakula, wala wale waliozaliwa huko huko. Leo mtu wa Ruiru, Juja au Thika ambaye ng'ombe wake hainuki au mbwa wake hakui, huambiwa aje kwangu, na wanaomwelekeza hawakosei. Lakini watu hudhani elimu hii yote niliichukua kwenye jengo la matofali lenye theluji dirishani. Sehemu kubwa nilikwenda nayo. Mwalimu alipochora ubaoni mguu wa mbwa uliopinda na kuuliza ni nani amewahi kuuona, mimi ndiye niliyeinua mkono.

Baba alikuwa mlinzi wa ghala. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na wenzangu mnaikumbuka. Mkikuyu aliyekuwa mjini bila mwajiri wa kumtetea alirudishwa rizavu yeye na watu wake, kwenye vile vijiji vilivyozungushiwa handaki, ambako nyanya yetu alikuwa ameshahamishiwa. Sisi tulikuwa bado Thika kwa sababu moja tu: baba alikuwa na kazi, na kazi ilikuwa na chumba. Mama alitukumbusha jambo hilo kila tulipopiga kelele. "Mkimfukuzisha baba yenu," alisema, "mtakwenda kupigia handaki kelele."

Meneja wa kiwanda alikuwa mzungu mrefu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani. Mbwa wake jike alizaa wakati kiwanda kilipokuwa kinajenga ghala jipya Ruiru, naye akaamua kwamba kila ghala liwe na mlinzi na mbwa wake. Watoto wawili wa mbwa aliwapa walinzi wawili wawalee. Mmoja alikwenda kwa jirani yetu Baba Auma, aliyetoka upande wa ziwa na ambaye angebaki na ghala la Thika. Wa pili alikuja kwetu. Baba aliambiwa kwamba mbwa akikua vizuri, wataenda Ruiru pamoja, naye atapewa nyumba ya mawe yenye vyumba viwili, na familia yake ataruhusiwa kukaa nayo. Mbwa asipofaa, mlinzi naye hafai. Hivyo ndivyo Bwana Miwani alivyopima watu: ukishindwa kutunza mbwa wake, utatunzaje mali yake?

Baba alimleta ndani ya koti lake la kazi. Alikuwa mweusi mgongoni na kahawia miguuni, tumbo limejaa kama kibuyu, na kichwani alinuka maziwa. Mdogo wangu Njoroge alimwita Popi kabla baba hajavua koti, na jina likabaki.

Pamoja na mbwa lilikuja agizo. Kila alasiri baba alipitia bucha, akaonyesha karatasi ya Bwana, akapewa nyama ya mbwa: mapafu, nyama ya kichwa, na vipande vya nyama nzuri kabisa ambavyo mwenye bucha hakuviona vya kuning'iniza. Agizo lilikuwa fupi. Nyama ya mbwa ni ya mbwa.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Sisi tulikula githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Tulikula ugali na kunde. Nyama tuliiona Krismasi, na mara moja nyingine mjomba alipokuja. Sasa kila jioni, kabla jua halijashuka nyuma ya bomba la kiwanda, baba alikaa kwenye kigoda akachemsha nyama, akaikata vipande vidogo kwa kisu chake, akaipuliza ipoe, akamlisha Popi kwa mkono. Kwa mkono. Mimi sikukumbuka kama mkono ule uliwahi kunilisha.

Siku moja nikamwendea. Nilikuwa nimefikiria maneno yangu tangu asubuhi.

"Baba, na mimi nikilinda ghala, nitapewa nyama?"

Baba aliniita Maitu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, kama desturi yetu ilivyo. Alinitazama mdomoni.

"Maitu, utalinda na nini? Utamng'ata mwizi na ufizi?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Njoroge naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Mimi sikucheka. Nilielewa, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba katika nyumba yetu mapenzi yalipimwa kwa nyama, na kwamba baba alikuwa ameshapima.

Mifupa ilikuwa na habari yake. Mwenye bucha aliiweka pamoja na nyama, na jioni ya kwanza mama alinyoosha mkono akaichukua kabla baba hajakunja gazeti lililofungiwa nyama.

"Hiyo ni ya mbwa," baba akasema.

"Bwana alisema nyama. Mifupa alitaja?"

Kuanzia hapo mifupa ilikwenda kwenye sufuria ya githeri, ikachemka hadi ikalainika pembeni, nasi tukaifyonza, tukatafuna vichwa vyake vilivyolegea. Nyama tupu ikabaki ya Popi. Kila mtu aliona mgawanyo huo ni wazi: mbwa amepata kilicho bora, watoto wamepata kilichotupwa. Niliuona hivyo hata mimi, na kila nilipofyonza mfupa nilimtazama Popi kwa jicho baya.

Kwa Baba Auma mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wao walikuwa na sufuria moja. Nyama ya mbwa iliingia humo pamoja na mboga, na samaki wadogo wakavu waliotumwa kutoka kwao, wakakaangwa na vichwa vyao na miiba yao. Watu walikula, na mbwa akala kilichokuwamo na ugali juu yake. Mbwa wao walimwita Mgeni.

"Mgeni anakula tunachokula," Mama Auma alieleza, akiwa ameshika mwiko. "Sisi kwetu hatumpikii mgeni peke yake kama mgonjwa."

Baba alitikisa kichwa tuliporudi ndani. "Wao wanaweza," alimwambia mama. "Sisi hatuwezi."

Sikuelewa. Nilidhani anasema sisi hatujui kupika. Nilikuwa mtu mzima, niko mbali na nyumbani, niliposhtuka nikiwa kwenye foleni ya basi na kuelewa alichosema. Katika miaka ile, kitu kikipotea kiwandani, hata msumari, walisimamishwa Wakikuyu kwanza. Baba Auma akikutwa na nyama ya mbwa kwenye sufuria yake, angecheka, na Bwana angemkaripia. Baba angekutwa nayo, angeitwa mwizi, na mwizi wa kabila letu aliitwa jina jingine zaidi ya mwizi, jina la waasi wa msituni. Kwa hiyo alipomlisha Popi kwa mkono, kipande kwa kipande, mlango ukiwa wazi ili wapita njia waone, nilichokidhani mapenzi kilikuwa hofu. Alikuwa anajionyesha msafi.

Popi alikua haraka. Manyoya yaling'aa. Shingo ikanenepa. Wafanyakazi walisimama mlangoni wakasema mbwa huyu atakuwa ndama. Kisha, bila siku moja ninayoweza kuitaja, akaanza kutembea vibaya. Miguu ya mbele ilipinda nje kama mikono ya mtu anayebeba debe, na viganja vyake vikalala bapa chini, akakanyaga kwa mahali pasipo pa kukanyagia. Alikimbia hatua chache akaketi. Mgeni, ndugu yake wa tumbo moja, mwembamba na mwenye harufu ya samaki, alimzunguka akimbwekea acheze, na Popi akamtazama tu.

"Baba Wangari," Mama Auma alimwita baba kwa jina langu kutoka mlangoni kwake, akiwa amejishika kiuno, "mbwa wako anakula kama Bwana na anatembea kama bata."

"Ni unene, shemeji," baba akasema. "Utapungua."

"Na kulia ni unene?"

Maana Popi alikuwa ameanza kulia akiinuliwa. Ukimshika ubavuni alitoa sauti nyembamba, kama mlango wa kabati. Nami nikaogopa, kwa sababu nilijua, au nilidhani najua, kilichompata. Nilikuwa nimemwonea kijicho kila jioni. Katika Shule ya Jumapili tulifundishwa kwamba Mungu husikia hata usichosema, na mimi nilichokuwa sisemi kilikuwa kingi. Niliamini kwamba kijicho changu ndicho kilichomkunja miguu. Nikawa nikila nageukia ukutani nisimtazame, huku nikimwomba Mungu asahau yote niliyofikiri tangu Popi aje.

Baba yeye alifanya alichokijua. Akaongeza nyama. Alimsihi mwenye bucha, akapata ya ziada, akamlisha Popi mpaka Popi akageuza kichwa. Na kadiri alivyoongeza, ndivyo miguu ilivyozidi kupinda.

Leo ninaweza kukueleza jambo hilo nikiwa nimefumba macho, na nimelieleza mbele ya watu wenye digrii mbili wakaandika. Nyama tupu ina fosforasi nyingi, na kalsiamu karibu haimo. Mwili wa mtoto wa mbwa unahitaji vyote viwili, na usipoipata kalsiamu kwenye chakula unakwenda kuichota mahali ilipo, yaani kwenye mifupa yake wenyewe. Mbwa anang'aa nje huku anajila ndani. Ukimwongezea nyama bila mfupa, bila maziwa, bila kitu kingine, unamharakisha. Mbwa mdogo anataka nyama, ndiyo, lakini anataka pia ugali au uji, mboga kidogo iliyochemshwa, maziwa akiyaweza, mfupa uliosagwa, maji safi wakati wote, na apewe kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku badala ya kushindiliwa mara moja. Na huo mfupa nao usizidi, maana ukizidi unaleta ubaya mwingine. Usimpe mfupa wa kuku, unapasuka vipande vya kuchoma. Hayo yote yako kwenye diploma yangu. Lakini ukitazama vizuri, yalikuwa pia kwenye sufuria ya Mama Auma, na nusu yake ilikuwa kwenye sufuria yetu, tumeinyang'anya mbwa tukidhani tumeonewa.

Nyapara wa kiwanda alipita akamwona Popi. Alikuwa mtu mfupi aliyependa kuzungumza akitazama pembeni.

"Huyu amelewa?"

"Anakua," baba akasema.

"Mwisho wa mwezi Bwana atakuja kuwatazama. Umuombe akue haraka." Akasukuma mguu wa Popi kwa ncha ya kiatu, si kwa nguvu. "Usijali lakini. Rizavu hata mbwa wana nafasi."

Baba alisimama pale hata baada ya nyapara kuondoka. Mama alikuwa amesikia. Akaendelea kumwogesha Njoroge kwenye karai nje ya mlango, na Popi, aliyependa maji ya moto, alijikokota akaja kuegemea karai. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kumfutia Njoroge. Nikamwona mama amesimamisha mkono. Alikuwa ameshika mguu wa Njoroge wenye sabuni, na kwa mkono wa pili akashika mguu wa Popi. Akautazama huu, akautazama ule.

"Baba Wangari," akaita. "Njoo."

"Nini?"

"Njoo, nasema. Miguu hii si unaijua?"

Njoroge alipoanza kutembea alikuwa na matege mabaya. Mama alimpeleka zahanati, muuguzi akamwambia ampe maziwa na ampeleke juani, asimfungie ndani. Mama alifanya hivyo, na miguu ikanyooka. Kati ya goti na kifundo alibaki na upinde mdogo ambao sisi wa nyumbani tu ndio tuliujua.

"Huyu ni mbwa," baba akasema.

"Ana mifupa, hana?"

"Anakula nyama kila siku. Mtoto huyu alikuwa hali nyama."

"Na kuku wangu ana nyama gani? Nisipomsagia maganda ya mayai anataga yai laini kama mfuko. Huyu mbwa umempa nini kigumu tangu aje? Mifupa yake yote iko kwenye tumbo la watoto wako."

Baba akatazama barabarani. "Nikimpa mifupa, watoto watakula nini?"

"Nyama," mama akasema.

Neno lile lilitua katikati yetu. Mama alimfunga Njoroge kitambaa, akasema taratibu, kama anayepima nguo, kwamba nyama ile Popi haimalizi. Nusu iingie kwenye githeri ya watoto. Mifupa, maziwa ya chai, ugali na kunde viende kwa mbwa. Sisi tutakunywa turungi, chai isiyo na maziwa. Hakuna kitakachopungua ila kila mmoja atakula kilichokuwa cha mwenzake.

"Watasema nimeiba nyama ya mbwa."

"Na Bwana akija amkute amelala kama gunia, watasema nini?"

Baba aliingia ndani. Tulimsikia akivuta kile kigoda. Nilidhani amekasirika, na kwamba tumeharibu. Nilipochungulia, nyama ilikuwa mbele yake kwenye ubao, na alikuwa ameshika kisu juu yake, hakishushi. Kisha akaikata katikati, upande mmoja akauweka kwenye sahani ya Popi, wa pili akaufunika kwa sufuria haraka, akainuka akaenda kufunga mlango.

Sikumbuki ladha ya nyama ile. Ninakumbuka kwamba ilikuwa ngumu kuimeza, na kwamba tulipomaliza baba alitukagua mmoja mmoja. "Pangusa mdomo," alituambia. "Na mikono. Nusa mikono yako, Maitu." Tulijisugua kwa majivu kabla ya kutoka nje kucheza.

Mama aliiweka mifupa kwenye makaa ikawa myeupe, akaitwanga kwenye kinu ikawa unga, akachekecha kwa kitambaa. Hiyo ndiyo harufu niliyoisema. Kijiko kidogo kiliingia kwenye uji wa maziwa. Lakini Popi hakuutaka. Alikuwa amezoea nyama, na mtoto aliyezoeshwa kitu kimoja, wa mbwa au wa mtu, hukiona kingine ni adhabu. Alinusa uji akageuka. Akanusa ugali akalala. Kutwa nzima hakula, nami nikawa naona mwisho wa mwezi unatembea kuja kwetu kwa miguu mizima.

Nilichukua uji nikachovya vidole. Nikachukua kipande cha nyama kutoka fungu langu, nikakitafuna kwa magego, nikakichanganya mle ndani kwa mkono wangu. Nikampa avilambe vidole. Alilamba nyama, akalamba na uji uliokuwa na nyama. Nikarudia, kila mara nyama kidogo na uji zaidi, mpaka nyama ikawa harufu tu na Popi akala bakuli. Hivyo ndivyo ninavyowaambia wateja wangu hadi leo: usimbadilishie mbwa chakula kwa ghafla, mwingize taratibu. Wao hudhani ni maneno ya kitabuni.

Mchana tulimlaza juani, uwanjani palipoanikwa magome. Vumbi jekundu la miwati lilimkaa mgongoni. Mgeni alikuja akalala naye. Kwanza kilio kilikwisha. Kisha siku moja nilimwona anasimama kwa vidole vyake badala ya viganja, anatetemeka, kama anayesimama kwenye ubao mwembamba. Njoroge alikuwa pembeni yangu, mdomo wake unang'aa mafuta aliyosahau kupangusa, na nyapara alikuwa anapita. Alimtazama Njoroge. Akainama kidogo kama anayemsalimu, akavuta pumzi kwa pua, akaendelea na safari yake.

Sikumwambia baba. Sikujua kwamba palikuwa na kitu cha kuambiwa.

Bwana Miwani alikuja asubuhi. Alianza na Mgeni, akamtazama meno, akamtembeza, akasema sawa. Mama Auma alikuwa ametuchekesha njiani kwa kumpaka Mgeni mafuta ya nywele, akanuka kama bibi harusi. Kisha ikawa zamu yetu. Baba alimshika Popi kwa kamba. Mimi nilikuwa nimekuja nyuma yake na hakuna aliyenifukuza.

Kabla Bwana hajainama, nyapara akasema, akitazama pembeni, "Bwana, watoto wa huyu wananuka nyama. Mimi nimenusa mwenyewe."

Nilimtazama baba. Nilimjua baba yangu kama mtu wa maneno machache na ya kuchagua, na nilisubiri achague. Angeweza kusema ni nyama ya mjomba. Angeweza kusema watoto waliokota. Bwana Miwani alivua miwani yake akaifuta, akasubiri pia.

Baba alivua kofia.

"Ni kweli, Bwana. Nusu ya nyama wanakula watoto wangu."

"Mimi nasema nyama ya nani?"

"Ya mbwa, Bwana. Alipokula yote peke yake, miguu ilipinda, hakuweza kusimama. Sasa anakula nusu, na ugali, na maziwa ya watoto, na mifupa yao tunamsagia. Watoto wanakula yake, yeye anakula yao. Anasimama."

Nilichosikia ni lile neno lililojirudia, watoto, watoto wangu, mbele ya mtu ambaye kwa ajili yake alikuwa ameacha mlango wazi kila jioni. Nilikuwa nimehesabu vipande vya nyama vilivyopita mbele yangu, na sikuwa nimehesabu hiki.

Bwana Miwani alichuchumaa. Alishika mguu mmoja wa Popi, akaukunja, akaunyoosha, akashika wa pili. Mguu wa kushoto ulikuwa bado unatoka nje kidogo. Akausukuma kwa kidole gumba, na Popi, ambaye hakuwahi kumkaripia hata kuku, akanguruma. Bwana akavuta mkono, akatabasamu kidogo sana.

"Kimbia," akasema.

Baba alianza kuvuta kamba, lakini Popi alikuwa ananitazama mimi. Nikakimbia. Nilikimbia kupita marobota ya magome hadi kwenye ua wa waya, na nyuma yangu nikasikia kucha zake kwenye ardhi kavu, kisha pembeni yangu, kisha mbele yangu. Niligeuka, tukarudi, naye akafika kwanza akasimama mbele ya baba, kwa miguu minne.

"Mguu moja hapana mzuri sana," Bwana Miwani akasema. "Lakini nguvu iko. Jumatatu wewe kwenda Ruiru." Akavaa miwani. "Na nyama, kama nusu natosha yeye, sasa mimi natoa nusu tu."

Nyapara alicheka kwa pua. Hivyo ndivyo ukweli wa baba ulivyotukatia nyama siku ile ile, na sikuionja tena mpaka Krismasi. Sijawahi kusikia baba akiujutia. Mimi nimekaa na watu wakubwa katika nchi mbili, na wengi wao, wakiulizwa swali kama lile na mtu mwenye uwezo kama ule, wangemtaja mjomba.

Tulipopita kona ya ghala, mahali Bwana hakuweza kutuona, baba aliketi juu ya robota la magome. Alinyoosha kamba kwangu.

"Mshike, Maitu. Mikono yangu imekataa."

Nikamshika. Popi alinivuta kuelekea nyumbani, nami nikaliacha vumbi lifunike vifundo vyangu, nikigeuka kila mara kumtazama baba akiinuka polepole na kutufuata, kofia bado iko mkononi.

Mama alikuwa chumbani. Alikuwa amekunja kila tulichokuwa nacho, blanketi, nguo za Njoroge, vikombe ndani ya karai, akavifunga kwa shuka mbili, kwa kuwa alijua kwamba tukifukuzwa hatutapewa muda wa kufunga. Hakugeuka tulipoingia.

"Nifungue," akauliza, "au nizidi kufunga?"

"Zidi," baba akasema. "Lakini ni Ruiru."

Alishika fundo lililokuwa limekaza tayari, akalikaza tena, na tena, akiwa ametupa mgongo, na baba akasimama mlangoni akimsubiri amalize.